Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Neno la Kiingereza, Lugha Baada ya Lugha

Kutafuta asili ya neno la Kiingereza ni kazi ya kurudi nyuma hatua kwa hatua. Kila unapofika katika lugha fulani, uwe umepata mambo matatu: neno liliandikwaje humo, lilikuwa na maana gani, na lilionekana lini katika maandishi. Likikosekana moja, mnyororo umekatika hapo, hata kama neno unaloanza nalo na lile unaloishia nalo yanafanana kama mapacha. Makosa mengi katika etimolojia, yaani elimu ya asili ya maneno, husababishwa na mtu kuona mfanano, kufurahi, na kuruka hatua za katikati. Kamusi anazo, ila hakuzifungua kwa mpangilio.

Vifaa

Andaa daftari au jedwali la kompyuta lenye safu tano: lugha, umbo la neno, maana, mwaka, na mahali ulikopata habari. Safu ya tano ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo itakayokuokoa kamusi mbili zitakapopingana.

Anza na Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno iliyokusanywa na Douglas Harper. Ni ya bure, ni fupi, na inakuonyesha haraka njia ambayo huenda neno lilipita. Wiktionary nayo ni ya bure na mara nyingi hurudi hadi lugha mame, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha kadhaa, lakini kwa kuwa yeyote anaweza kuihariri, usiamini kiungo chake mpaka ukithibitishe kwingine. Kamusi kuu ni Oxford English Dictionary, au OED, ambayo chini ya kila maana huweka nukuu zenye tarehe kuanzia ya zamani zaidi iliyopatikana. Tovuti yake ni ya kulipia. Kama uko chuoni, uliza maktaba kama wamejiunga. Toleo la kwanza, lililotoka kwa mafungu kuanzia 1884 hadi 1928, halina tena hakimiliki na nakala zake za picha zipo Internet Archive. Maelezo yake ya asili bado yanafaa kwa maneno mengi. Tarehe ndizo zilizozeeka, kwa sababu tangu wakati huo maandishi mengi ya zamani zaidi yamepatikana.

Kwa kila lugha ya katikati tafuta kamusi ya lugha hiyo yenyewe. Kiingereza cha Kati, yaani takriban 1100 hadi 1500, kina Middle English Dictionary ya Chuo Kikuu cha Michigan, ya bure. Kiingereza cha Kale kina kamusi ya Bosworth na Toller, nayo ipo mtandaoni bila malipo. Kwa Kifaransa tumia Trésor de la langue française, na ukifungua kidahizo, yaani neno unalolitafuta, shuka moja kwa moja hadi chini, penye sehemu ya etimolojia na historia. Kwa Kilatini, kamusi ya Lewis na Short inasomeka katika tovuti ya Perseus. Kwa Kiarabu kuna kamusi za Lane na Hans Wehr, zote mbili zimepangwa kwa mizizi, yaani konsonanti za msingi za neno, kwa hiyo neno linaloanza na m huenda ukalikuta chini ya herufi nyingine kabisa.

Jifunze vifupisho kabla ya kusoma. OE ni Kiingereza cha Kale, ME ni Kiingereza cha Kati, OF ni Kifaransa cha Kale, ON ni Kinorsi cha Kale, PIE ni lugha mame ya Kihindi-Ulaya. Alama < husomwa "limetokana na". Kinyota mbele ya neno, *, maana yake umbo hilo limekisiwa na wanaisimu kwa kulinganisha lugha. Hakuna aliyeliona limeandikwa.

Vifupisho viwili huwapotosha watu kila siku. Ukiona "cf.", kamusi inakuambia ulinganishe, haisemi neno limetoka huko. Na ikisema neno ni "cognate" na lingine, inakuonyesha neno ndugu, wala si mzazi. Kijerumani Herz ni ndugu wa heart ya Kiingereza. Ukiandika kwamba heart imetoka Kijerumani, umemfanya ndugu kuwa baba.

Neno ni la kurithi au la mkopo?

Swali hili lijibiwe mapema, kwa sababu njia mbili hizi hufuatwa kwa namna tofauti. Tabaka la chini kabisa la Kiingereza ni maneno waliyokuja nayo Waanglia na Wasaksoni kuanzia karne ya 5. Juu yake kuna Kinorsi cha Waviking, kisha Kifaransa cha Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, kisha Kilatini na Kigiriki cha wasomi, halafu maneno yaliyoletwa na biashara na ukoloni kutoka kila bahari.

Sura ya neno hutoa dalili. Maneno mafupi ya mwili, jamaa, namba na matendo ya kila siku kwa kawaida ni ya kurithi, hasa yenye kn au gh zisizotamkwa. Sk mwanzoni mara nyingi ni Kinorsi: skirt ni Kinorsi, shirt ni Kiingereza chenyewe, na yote mawili yana mzizi mmoja. Viishio kama -tion, -ity na -ment huelekeza kwenye Kilatini kupitia Kifaransa. Ph, na ch inayosomwa k, huelekeza kwenye Kigiriki.

Hizo ni dalili tu, si ushahidi. Street ni fupi na la kawaida kabisa, lakini limetoka kwenye Kilatini strata. Lilikopwa mapema mno, pamoja na wine na cheese, hata likapata sura ya kienyeji. Wakati mwingine matamshi yenyewe hukutajia enzi ya mkopo. Chief na chef yote yametoka kwenye neno moja la Kifaransa, lenye asili ya Kilatini caput, kichwa. Chief liliingia karne za kati, wakati Wafaransa walikuwa bado wanatamka ch kama sisi katika chai. Chef liliingia karne ya 19, wakati ch yao ilikuwa imeshakuwa sh.

Mfano wa mkopo: magazine

Neno hili linafaa kujifunzia kwa sababu limepita lugha kadhaa na kubadilika maana njiani.

Anza na maana, wala usianze na sauti. Leo magazine ni jarida, na pia ni kisanduku cha risasi cha bunduki. Ipi ni ya zamani? Kamusi za wanafunzi hutanguliza maana inayotumika zaidi, kwa hiyo mpangilio wake haukusaidii. OED hupanga kwa historia. Ukifuata tarehe utakuta kwamba katika miaka ya 1580 magazine lilimaanisha ghala, na hasa bohari ya silaha na baruti. Kisanduku cha risasi kimetoka huko, kwa njia iliyonyooka. Jarida lilikuja mwaka 1731, Edward Cave alipoanza kuchapisha The Gentleman's Magazine mjini London. Kabla yake waandishi walikuwa wameshaanza kuita vitabu vyao magazine kwa maana ya ghala la maarifa. Kwa hiyo maana ya kurudi nayo nyuma ni ghala. Mtu anayekwenda kwenye Kiarabu kutafuta jarida atarudi mikono mitupu.

Hatua inayofuata ni Kifaransa: magasin, ghala. Leo Mfaransa akisema magasin anamaanisha duka, lakini hilo ni badiliko la ndani ya Kifaransa na lisikuchanganye. Unachohitaji ni maana iliyokuwapo Waingereza walipolichukua. Weka kanuni hii kwenye kila kiungo: linganisha neno na maana ya wakati wa mkopo, si ya leo.

Kifaransa kilipokea kutoka Kiitaliano, magazzino, ghala. Hapa jiulize swali la historia: je, palikuwa na watu waliobeba neno hilo? Walikuwapo. Wafanyabiashara wa Venice, Genoa na Pisa walikuwa wakinunua bidhaa katika bandari za Misri na Sham, na mahali pa kuhifadhia mizigo ni kitu walichokitaja kila siku. Kiungo kisicho na watu wa kukibeba ni kiungo cha kutilia shaka hata sauti zikikubaliana.

Kiitaliano kilichukua kutoka Kiarabu makhāzin, ambalo ni wingi wa makhzan. Wingi wa Kiarabu umekuwa umoja wa Kiitaliano, jambo la kawaida katika mikopo ya sokoni, na kh isiyokuwapo katika Kiitaliano ikageuzwa g. Mzizi ni kh-z-n, kuweka akiba, na ma- ya mwanzo hujenga jina la mahali.

Msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa kwenye hatua hii. Umeshawahi kuona mizizi ya Kiarabu ikifanya kazi ndani ya lugha yako: kitabu, katibu na maktaba zina k-t-b, darasa na madrasa zina d-r-s. Na kh-z-n unayo katika hazina. Lakini andika uhusiano huo kwa usahihi: hazina na magazine ni ndugu, kila moja imetoka Kiarabu kwa njia yake. Hazina haikuzaa magazine, wala magazine haikuzaa hazina.

Jedwali lako likikamilika, mnyororo utasomeka hivi:

magazine, Kiingereza, miaka ya 1580, ghala
< magasin, Kifaransa, ghala
< magazzino, Kiitaliano, ghala
< makhāzin, Kiarabu, wingi wa makhzan, ghala
< mzizi kh-z-n, kuweka akiba

Sasa upime kwa upande. Kihispania kinasema almacén na Kireno armazém kwa maana ileile ya ghala. Al ya mwanzo ni kiambishi cha Kiarabu cha kubainisha nomino, nacho kiling'ang'ania maneno mengi yaliyoingia Ulaya kupitia Uhispania ya Waislamu. Yaliyopita Italia mara nyingi yaliingia bila hicho. Sukari inaonyesha hivyo hivyo: Kihispania azúcar, Kiitaliano zucchero, na Kiingereza sugar. Kwa hiyo neno la Kiingereza lenye asili ya Kiarabu lisilo na al likidaiwa kutoka moja kwa moja Uhispania, dai ushahidi zaidi.

Mfano wa kurithi: heart

Neno la kurithi halina mwaka wa kuzaliwa. Tarehe ya kwanza utakayoipata ni tarehe ya maandishi tu, na kazi yako inageuka kuwa ya sauti.

Kiingereza cha Kati kinaandika herte. Kiingereza cha Kale kinaandika heorte. Hapo maandishi ya Kiingereza yanaisha, kwa hiyo unakusanya ndugu: Kijerumani Herz, Kiholanzi hart, Kinorsi hjarta, Kigothi hairto. Kutokana na hao wanaisimu wamekisia umbo la lugha mame ya Kijerumaniki, yaani ya ukoo wa lugha hizo zote pamoja na Kiingereza, *hertō. Ili kwenda mbali zaidi unahitaji kanuni aliyoieleza mwanaisimu Jacob Grimm mwaka 1822, inayoonyesha jinsi konsonanti za zamani zilivyohama kwa utaratibu katika lugha za Kijerumaniki. Kilatini hakikuhama, ndiyo maana kinatumika kama shahidi wa sauti za kale, ingawa si mzazi wa Kiingereza. Zikariri sauti hizi tano na utaweza kupima maneno mengi bila kufungua kitabu:

p ya Kilatini huwa f: piscis, fish
t huwa th: tres, three
k, inayoandikwa c, huwa h: cornu, horn
d huwa t: decem, ten
g huwa k: genu, knee, ambayo k yake ilitamkwa zamani

Sasa geuza heart kinyumenyume. H inatoka k, t ya mwisho inatoka d. Tafuta neno la Kilatini lenye c, r na d kwa maana ya moyo. Ukifungua kamusi utakuta cor, na utadhani d imekosekana. Haijakosekana, jina la Kilatini likisimama peke yake mara nyingi huficha mwisho wa shina. Angalia umbo la umilikishi, ambalo kamusi huliweka mara tu baada ya kidahizo: cordis. D ile pale. Fanya hivyo kila mara, maana pes huficha d ya pedis, na dens huficha t ya dentis. Kigiriki kardia kinathibitisha, na mzizi wa PIE ni *ḱerd-.

Mzizi huohuo ulirudi Kiingereza kwa milango mingine. Courage liliingia kupitia Kifaransa cha Kale corage, lililojengwa juu ya cor. Cardiac limetoka Kigiriki. Tazama konsonanti zake: yote mawili bado yana sauti ya k mwanzoni, kwa sababu yalikopwa baada ya badiliko la Grimm kwisha. Hiki ni kipimo kizuri mno. Maneno mawili ya Kiingereza yenye maana jirani, moja likiwa limehama sauti na lingine halikuhama, la kwanza ni la kurithi na la pili ni la mkopo: foot na pedal, tooth na dental, father na paternal.

Badiliko hilo lina mipaka. P, t na k zikitanguliwa na s hubaki zilivyo, kwa hiyo Kilatini stare na Kiingereza stand ni ndugu halali.

Mahali watu wanapoteleza

Mfanano wa bahati. Kiingereza have na Kilatini habere yote humaanisha kuwa na kitu, na yanafanana kiasi cha kumshawishi yeyote. Si ndugu. H ya Kiingereza inadai c ya Kilatini, kwa hiyo ndugu wa have ni capere, kushika. Vivyo hivyo day na dies, siku: d ya Kilatini ilipaswa kuwa t katika Kiingereza. Ndugu wa dies yuko, amejificha ndani ya Tuesday, ambayo mwanzo wake ni jina la mungu Tiw. Mfanano uliozidi kanuni ni sababu ya kusimama na kuhakikisha.

Kuruka hatua na kupata jibu lililonyooka mno. Pater na father zinaonekana kutii kanuni kikamilifu, p kuwa f na t kuwa th. Fungua Kiingereza cha Kale: fæder, yenye d. Kiingereza cha Kati: fader, bado d. Th ya leo ilikuja mwishoni mwa Kiingereza cha Kati, miaka mingi baada ya kanuni ya Grimm kumaliza kazi. D ile ya zamani ilielezwa na mwanaisimu Karl Verner mwaka 1875: pale ambapo mkazo wa kale haukuwa kwenye silabi iliyotangulia, th ililainika, na hatimaye ikawa d. Jibu la mwisho, kwamba ni ndugu, ni sahihi. Sababu unayoipata kwa kuruka si sahihi, na neno linalofuata litakuangusha.

Tahajia. Debt haikutamkwa kamwe kwa b. Kiingereza cha Kati kiliandika dette, kama Kifaransa. Wasomi ndio waliochomeka b ili neno lifanane na Kilatini debitum. Island ni neno la kurithi, igland katika Kiingereza cha Kale, na s yake imeazimwa kutoka isle, ambalo ni neno lingine lenye asili ya Kilatini insula. Kwa hiyo usijenge hoja juu ya herufi isiyotamkwa kabla ya kuangalia tahajia za zamani. Ukitafuta tahajia hizo, jaribu maumbo mengi, kwa sababu kabla ya William Caxton kuleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, na muda mrefu baada yake, kila mwandishi aliandika alivyosikia. Herufi za zamani kama þ, ð na æ, zinakiliwe kutoka kwenye ukurasa wa kamusi na kubandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia.

Hadithi za vifupisho. Inasemwa kwamba news ni kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa herufi za mwanzo. News ni wingi wa new tu. Maneno yaliyoundwa kwa herufi za mwanzo, kama radar na laser, ni desturi ya karne ya 20. Neno lililokuwapo kabla yake likipewa hadithi ya aina hiyo, ikatae mpaka uone maandishi ya wakati huo.

Tarehe za vitabu vilivyoskaniwa. Ukitafuta neno ndani ya Google Books unaweza kupata matokeo yenye mwaka wa zamani ajabu. Fungua picha ya ukurasa. Mara nyingi mwaka ulioandikwa ni wa toleo la kwanza la jarida wakati nakala yenyewe ni ya miaka mingi baadaye, au mashine imesoma ſ, s ndefu ya zamani, kama f.

Kuruka lugha ya pwani. Safari liliingia Kiingereza katikati ya karne ya 19 kupitia maandishi ya Wazungu waliokwenda bara wakitokea pwani ya Afrika Mashariki. Asili yake ya mbali ni Kiarabu safar, lakini chanzo cha karibu ni Kiswahili, na maana ya kwanza katika Kiingereza ni msafara wa huku kwetu. Baadhi ya maelezo hutaja Kiarabu peke yake. Kiungo cha Kiswahili kiandikwe: kimethibitishwa kwa maana, kwa wakati na kwa watu.

Pa kusimama

Simama ushahidi unapoisha. Kwa neno la kurithi hiyo ni kwenye mzizi wa PIE, na usiweke maana nyembamba kwenye umbo lenye kinyota. Kwa mkopo ni kwenye lugha ya mwisho yenye neno lililoandikwa au mzizi unaoeleweka. Na yapo maneno ya kila siku ambayo njia yake inakatika mapema. Dog linaonekana mwishoni mwa Kiingereza cha Kale kama docga, halina ndugu wanaoaminika, na lilisukuma pembeni hund, neno la kurithi ambalo leo ni hound. Hapo andika "asili haijulikani" kwenye jedwali, pamoja na siku uliyoangalia, kwa sababu OED huongeza na kusahihisha vidahizo kila baada ya miezi mitatu na jibu la mwakani huenda likawa tofauti.